Takriri ya Konsonanti: Namna ya Kuisikia, Kuichambua na Kuitumia

"Wale watoto wadogo wawili wamewasili." Maneno matano, na yote yanaanza na w. Anayetafuta takriri ya konsonanti kwa macho ataipigia mstari sentensi hii na kuiita sanaa. Ukweli ni kwamba aliyeisema hakuchagua chochote: ngeli ya A-WA ilimlazimisha. Kiswahili hurudia sauti za mwanzo wa maneno kila siku kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Ndiyo maana kuchambua takriri katika Kiswahili kunahitaji hatua ambayo vitabu vingi huiruka, nayo ni kutenganisha kilichofanywa na sarufi na kilichofanywa na msanii.

Takriri ya konsonanti ni kurudiwa kwa konsonanti ileile, kwa kusudi, katika maneno yaliyo karibu, hasa mwanzoni mwa neno au mwanzoni mwa mzizi wake. Katika ufafanuzi huu yashike mambo mawili: kusudi na mzizi. Mengine yatajifuata.

Sikia sauti, usihesabu herufi

Soma kifungu kwa sauti mara mbili kabla ya kushika kalamu. Mara ya kwanza soma kwa maana, mara ya pili soma ukisikiliza midomo na ulimi vinafanya nini. Jicho hudanganya, kwa kuwa konsonanti nyingi za Kiswahili huandikwa kwa herufi mbili lakini ni sauti moja: ch, sh, th, dh, gh, ny, na ng'. Kwa hiyo "shamba" na "samaki" hazina takriri, ingawa zote zinaanza na herufi s. "Thamani" na "tamu" hazina. "Dhahabu" na "dada" hazina. "Ngoma" na "ng'ombe" zinafanana kwenye karatasi tu. Ya kwanza ina g inayosikika baada ya king'ong'o (sauti ya puani), ya pili haina.

Vivyo hivyo, "nazi", "nyumba" na "njia" ni sauti tatu tofauti. Mb, nd, nj, nz na mv nazo hutamkwa kwa pamoja ndani ya silabi moja, kwa hiyo "mbali" hupatana na "mbio" kuliko inavyopatana na "mali". Lakini hapa pana mtego. Neno "mbuni" likiwa ni yule ndege mkubwa asiyeruka lina silabi mbili, mbu-ni. Likiwa ni mti wa kahawa, au mtu anayebuni, lina silabi tatu, m-bu-ni, na m inasimama peke yake. Maandishi ni yaleyale, mizani (idadi ya silabi) tofauti, na sauti inayoanza neno tofauti. Muktadha ndio utakaokuamulia.

Baada ya kusikia, pigia mstari konsonanti inayorudi. Umbali unahesabiwa. Sikio hukumbuka sauti kwa muda mfupi, na kipimo kinachofaa ni kipande cha mshororo, yaani takribani mizani minane. Sauti mbili zilizo ndani ya ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) mmoja zinasikilizana. Zikiwa moja katika mshororo wa kwanza na nyingine katika wa tatu, umezitafuta wewe, msikilizaji hakuzisikia.

Tenga kiambishi na mzizi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ina majaribio mawili.

Jaribio la kwanza ni la umoja na wingi. Geuza idadi ya sentensi uone sauti inakwenda wapi. "Wale watoto wadogo wawili wamewasili" ikirudi kwenye umoja inakuwa "Yule mtoto mdogo mmoja amewasili." Ile w ya mwanzo wa maneno imetoweka yote, ikabaki moja ndani ya mzizi wa "wasili". Hapakuwa na takriri. Palikuwa na wingi. Fanya hivyohivyo na methali "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika wingi unapata "Vyema vyajiuza, vibaya vyajitembeza." Mrudio haukufa, ila umehamia kwenye sauti nyingine. Konsonanti inayobadilika maneno yote kwa mkupuo mmoja ni ya ngeli.

Sasa linganisha na "Tonga si tuwi." Maneno matatu tu, na t mbili zimesimama upande huu na upande huu wa "si". Hakuna kiambishi kinachozileta. Mizizi yenyewe ndiyo inayoanza na t, na zote mbili zinaangukia silabi yenye mkazo. Hii ni takriri ya konsonanti bila ubishi.

Jaribio la pili ni la kisawe. Ondoa neno moja, weka lenye maana ya karibu, kisha sikiliza kilichopotea. "Paka akiondoka, panya hutawala": weka "buku" mahali pa "panya". Ujumbe unabaki karibu uleule, lakini methali inachechemea, kwa sababu zile p mbili zilikuwa zikianzisha kila nusu na kuwafunga wahasimu wawili katika sauti moja. Kisawe kikiingia bila hasara yoyote ya sauti, takriri uliyodhani umeiona haikuwa ikifanya kazi.

Je, mrudio wa viambishi hauwezi kamwe kuwa sanaa? Unaweza. Swali la kuuliza ni kama mwandishi alikuwa na njia nyingine. Ukisema "Mtu yule mfupi akaketi akakohoa", umesema jambo la kawaida. Ukisema "Kijitu kile kifupi kikaketi kikakohoa", umemhamisha mtu kutoka ngeli yake hadi KI-VI kwa hiari, na kila ki- inayofuata inamdunisha zaidi. Sarufi ndiyo iliyozizalisha hizo k, lakini mlango ulifunguliwa na mwandishi. Katika uchambuzi, taja hiari hiyo waziwazi: "mwandishi ametumia udunishaji, na upatanisho wake umezalisha mrudio wa k." Usiseme tu "kuna takriri ya k", maana msahihishaji makini atakuuliza kama hujui ngeli.

Usiichanganye na nduguze

Takriri ni jina pana, na chini yake kuna aina kadhaa. Irabu ikirudi ni takriri ya irabu. Silabi nzima ikirudi ni takriri ya silabi. Neno likirudi ni takriri ya neno, na wengine huiita uradidi. Vina navyo ni mrudio wa silabi, ila nafasi yake ni mwisho wa kipande au mshororo. Kwa kuwa karibu silabi zote za Kiswahili huishia na irabu, kina chetu hubeba konsonanti pamoja na irabu yake. Kwa hiyo usiangalie tu kama konsonanti imerudi. Angalia imerudi wapi. Mwanzoni mwa neno au mzizi, ni takriri ya konsonanti. Kwenye silabi ya mwisho ya kipande, ni kina.

Methali "Haraka haraka haina baraka" huwapotosha wengi. Wanaona h tatu na kuandika takriri ya h. Zitazame moja moja. Mbili za kwanza ni neno lilelile limerudiwa, na ya tatu ni ya ukanushaji. Zinasikika, ndiyo, lakini mzigo mkubwa umebebwa na "-raka" inayofunga "haraka" na "baraka" kama kina. Jibu zuri hutaja vyote kwa mpangilio wa uzito: takriri ya neno, kisha kina, kisha h.

"Haba na haba hujaza kibaba" inavutia zaidi. Silabi "ba" inarudi mara nne: ha-ba, ha-ba, ki-ba-ba. Mrudio huu haupo mwanzoni mwa maneno hata kidogo, lakini ndio unaosikika kama punje zinazodondoka. Ukiwa na macho ya kuangalia herufi ya kwanza tu, utaandika kuhusu h na kuacha moyo wa methali.

Tanakali za sauti nazo ni jambo jingine. "Chururu si ndo ndo ndo" inaiga mlio wa maji. Neno linaloiga mlio ni tanakali hata kama limerudiwa. Takriri ya konsonanti hutumia maneno ya kawaida yasiyoiga chochote yakiwa peke yake.

Inafanya kazi gani hasa

"Inaleta mahadhi" na "inavutia msomaji" ni majibu yasiyo na makosa wala faida, kwa kuwa yanafaa shairi lolote duniani. Ili upate jibu linalofaa shairi lililo mbele yako, anza na namna sauti inavyotamkwa.

Vipasuo (p, b, t, d, k, g) huziba hewa kisha kuiachia ghafla. Vinafaa panapogongwa, panapokatwa, panapoamriwa. Vikwamizo (f, v, s, z, sh, th, dh, h na wenzao) huacha hewa ipite kwa kukwaruza, kwa hiyo hurefusha. Nazali (m, n, ny, ng') hupitisha hewa puani na huweza kuleta mvumo au uzito. Kitambaza l huteleza, kimadende r hutetemesha ncha ya ulimi, na viyeyusho w na y huunganisha bila kugonga.

Hata hivyo, sauti haina maana yake yenyewe. S inaweza kuwa upepo, nyoka, siri au usingizi. Maudhui ndiyo yanayoamua. Anayeandika kwamba s siku zote huashiria utulivu atakwama siku atakapokutana na s katika ubeti wa vita. Mwendo sahihi ni kutoka kwenye maana kwenda kwenye sauti: kwanza jua mshororo unasema nini, ndipo uulize sauti hii inausaidia vipi.

Kazi nyingine ya takriri haihusu hisia kabisa. Hufunga maneno mawili ili yafikiriwe pamoja, kama paka na panya. Hurahisisha kukumbuka, jambo lililoifanya iwe chombo cha methali na kaulimbiu. Katika baadhi ya tapo za ushairi imekuwa sheria kamili. Ushairi wa Kisomali wa jadi hushika sauti moja ya mwanzo na kuirudisha katika kila mstari hadi shairi liishe, na irabu zote huhesabiwa kuwa zinapatana. Ushairi wa kale wa Kiingereza uligawa mstari nusu mbili na kuzifunga kwa sauti za mwanzo za silabi zenye mkazo, bila kuhitaji vina. Ushairi wa Kiswahili wa arudhi, yaani wa kanuni za jadi, umeweka sheria zake kwenye vina na mizani, na kwa hiyo takriri imebaki kuwa hiari. Kwa mchambuzi hilo ni jambo jema: ukiikuta, una haki ya kuuliza imekuja kufanya nini.

Mfano mmoja hadi mwisho

Huu ni ubeti wa tarbia (wenye mishororo minne) uliotungwa kwa ajili ya zoezi hili, mizani minane kila kipande:

Pepo kali zapasuka, pwani yote ikazima,
Tanga tupu latatuka, mlingoti wainama,
Nahodha hakutamka, kasimama na kuhema,
Mawimbi yamzunguka, matumaini yazama.

Mshororo wa kwanza una p katika "pepo", "zapasuka" na "pwani". Geuza umoja: "Upepo mkali wapasuka." P bado ipo, kwa hiyo ni ya mzizi. Tazama pia kwamba "pwani" inafungua utao (kipande cha pili cha mshororo), hivyo p inavuka mpaka wa vipande na kuibeba dhoruba kutoka hewani hadi ufukweni.

Mshororo wa pili ndio wenye mali. "Tanga tupu latatuka": ta, tu, ta, tu. Katika wingi, "Matanga matupu yatatuka", t zote zimebaki. Sasa jaribu kisawe. "Tanga tupu lachanika" ina mizani ileile minane na kina kilekile cha -ka. Mtunzi hakubanwa na arudhi. Alichagua "latatuka" kwa sababu ya t.

Mshororo wa tatu una h katika "nahodha", "hakutamka" na "kuhema". Inashawishi, maana mtu anahema. Lakini moja ni ya ukanushaji, moja imefichwa katikati ya neno, na ya mwisho iko mbali katika utao. Iache. Mchambuzi anayejua kuacha huaminiwa zaidi anapodai.

Mshororo wa nne una "mawimbi" na "matumaini". Umoja wake ni "wimbi" na "tumaini". M imekwenda. Si takriri ya kuandikia.

Ukiandika jibu, liwe na vitu vinne: dondoo, konsonanti yenyewe, mahali ilipo, na kazi yake hapo. Kwa mfano: Katika ukwapi wa mshororo wa pili, "Tanga tupu latatuka", konsonanti t imerudi mara nne, ikianza maneno mawili na mzizi wa la tatu. T ni kipasuo kisichoghuna, na kila inapotamkwa pumzi hukatika. Msomaji husikia kitambaa kikipasuka kipande kwa kipande, jambo linalozidisha hofu inayomnyamazisha nahodha katika mshororo unaofuata. Sentensi tatu zinatosha.

Kuitunga mwenyewe

Anza na neno ambalo huwezi kulibadilisha, neno nguzo la mshororo. Usianze na sauti. Anayesema "leo naandika kwa k" huishia na maneno yaliyookotwa. Ukishapata nguzo, chukua konsonanti ya mzizi wake, andika maneno kumi hadi kumi na tano yanayoanza na sauti hiyo na yanayohusu mada yako, kisha futa yote ambayo usingeyatumia kama sauti isingekuwa shida.

Utakutana mapema na kikwazo cha vivumishi. Katika ngeli nyingi kivumishi huvaa kiambishi, na sauti ya mzizi wake hujificha: "kitabu kizuri", "mti mrefu". Kuna njia tatu za kukipita.

Ya kwanza ni nomino za ngeli ya LI-YA katika umoja, ambazo kwa kawaida hazina kiambishi, na vivumishi vyake vingi huja mizizi mitupu: tunda tamu, koti kubwa, dau dogo, zulia zuri. Ya pili ni vivumishi visivyobadilika, vingi vikiwa na asili ya Kiarabu: safi, bora, duni, hodari, kamili, laini, imara. Hivi hushika sauti yao popote: sauti safi, bidhaa bora, dawa duni, kazi kamili. Ya tatu ni vitenzi, na hapa ndipo penye utajiri.

Kitenzi huanza na mzizi wake kikiwa katika amri: "Futa, fagia, funga." Ndiyo sababu kaulimbiu nyingi huelekea kwenye amri. Katika nyakati nyingine mzizi husukumwa nyuma na viambishi, kwa hiyo chagua viambishi vifupi. "Latatuka" imeweka silabi moja mbele ya mzizi, "limetatuka" mbili, "lililotatuka" tatu. Kadiri viambishi vinavyoongezeka, ndivyo t inavyozama. Ka- ya ushairi isiyo na nafsi, kama "kasimama", nayo huokoa silabi moja.

Kisha angalia mkazo. Karibu maneno yote ya Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake ni kwamba neno la silabi mbili hukazwa mwanzoni kabisa, na konsonanti yake ya kwanza hugonga kwa nguvu: paka, panya, tonga, tanga, tupu. Neno refu huanza kwa unyonge. P ya "palilia" haisikiki kama p ya "panda". Ukitaka takriri isikike, tumia maneno mafupi. Ukitaka inong'one, tumia marefu.

Kiasi: mbili au tatu kwa mshororo zinatosha. Nne zivumiliwe pale tu tukio lenyewe linapogonga, kama tanga linalotatuka. Ukizidisha, unaingia kwenye kitanza ndimi, ambako sauti hurudi ili kuuangusha ulimi: "Wale watu wa Liwale wala wali wa liwali." Huo ni mchezo mzuri, lakini hakuna anayeusikiliza kwa sababu ya habari za wali.

Yanayoharibika

Kosa baya kuliko yote ni maana kupinda ili sauti itimie. Mtunzi anataka kusema bahari ilitulia, anaona "bahari ikabweteka" ina b mbili, anaandika. Lakini kubweteka ni kukaa bila jitihada kwa kuridhika, na bahari haifanyi hivyo. Kisawe cha uongo husikika mara moja kwa msomaji anayeijua lugha.

Kosa la pili ni takriri kugombana na kina. Ikiwa kina chako cha kati ni -ta, na maneno ya ukwapi yanaanza na t, kina hakitasikika tena; kimemezwa. Badilisha kimoja.

La tatu ni kusambaza sauti ubeti mzima. Takriri hupata nguvu kwa kutokea mahali na kutotokea pengine. Ukitaka kujua kama umezidisha, mpe mtu mwingine ausome ubeti kwa sauti bila kumwambia unachotafuta. Akikwama ulimi, punguza neno moja. Akikutajia sauti kabla ya kutaja maana, punguza mawili.